AED inalalamika na mtu yuko chini: chanzo ni nini, ufanye nini

Mashine ya kushtua moyo, hii inayoitwa AED, ilitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuishika. Inaongea, ina picha, na inagoma kumpiga umeme mtu ambaye moyo wake hauhitaji umeme. Zilipotundikwa kwenye viwanja vya ndege vya Chicago mwaka 1999, katika miaka miwili ya kwanza watu 18 walianguka wakiwa na mtetemeko wa moyo unaotibika kwa umeme, na 11 wakafufuliwa. Sita kati ya hao 11 walihudumiwa na watu ambao hawakuwa wamefundishwa mashine hiyo, ingawa watatu walikuwa na shahada ya udaktari.

Kwa hiyo shida kubwa si ugumu wa mashine. Shida ni zile sekunde 40 ambazo watu watano wameiinamia mashine inayolalamika na hakuna hata mmoja aliye kifuani kwa mgonjwa. Hitilafu zote zilizo hapa chini hushughulikiwa na mtu mmoja. Mwingine anakandamiza kifua bila kuacha: kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila baada ya kukandamiza aachie kifua kiinuke chote. Anayejua kupuliza pumzi atoe 2 baada ya kila mikandamizo 30. Asiyejua akandamize tu. Kila dakika inayopita mtu akiwa hajakandamizwa wala kushtuliwa hupunguza nafasi yake ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10.

"Mbona kama bado anapumua?"

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kabla hata ya mashine kufunguliwa. Moyo ukisimama ghafla, mtu anaweza kuendelea kutoa pumzi za kukata roho kwa dakika kadhaa: mdomo unafunguka kama wa samaki aliyetolewa majini, mkoromo mmoja, kimya kirefu, kisha mkoromo mwingine. Kule si kupumua. Wengine hutingishika kwa sekunde chache kama wenye kifafa halafu wanalegea, na watu waliosimama pale wanaanza kutafuta kijiko cha kumtia mdomoni.

Mtikise mabega, mwite kwa sauti, tazama kifua kwa sekunde zisizozidi 10. Haitiki na hapumui kawaida? Anza. Usitafute mapigo shingoni. Hata wahudumu wa afya hukosea wakiwa wamebanwa na haraka. Agiza watu kwa kuwanyooshea kidole: "Wewe wa shati la bluu, piga 112, weka spika. Wewe dada, kimbia kwa mlinzi, lete mashine." Namba 112 hutumika Tanzania na Kenya, Kenya kuna 999 pia. Ukisema tu "jamani mtu apige simu", kila mmoja atadhani mwenzake ameshapiga.

Kuna mkanganyiko wa lugha pia. Tunaita "mshtuko wa moyo" ule ugonjwa wa mshipa wa moyo kuziba, ambapo mtu anatokwa jasho, kifua kinambana, na bado anaongea. Huyo hashtuliwi. Mkalishe, mwite msaada, mashine ikae karibu naye ikisubiri. AED ni ya moyo ambao umeacha kusukuma damu, na mwenye moyo huo hawezi kukujibu.

Mashine haiwaki

Baadhi huwaka ukifungua kifuniko, nyingine zina kitufe, aghalabu cha kijani. Umefungua kifuniko na kuko kimya? Tafuta kitufe. Umebonyeza na bado kimya? Geuza uangalie betri: isukume mpaka isikike "kwak". Mashine mpya wakati mwingine huja na kipande cha plastiki kinachozuia betri isigusane na mashine, na aliyeipokea hakukivuta.

Kuna kosa moja la ajabu kidogo: kuleta mashine ya mafunzo. Inafanana na ile halisi, inaongea vilevile, na inaweza kutangaza kwamba inatoa mshtuko, lakini haina umeme wowote wa kutoa. Huwa imeandikwa "Trainer" au "Training". Isiwekwe kabisa kwenye kabati moja na ile ya kweli.

Ikiwa imekufa kabisa, iacheni hapo chini. Mmoja akimbie kutafuta nyingine, mikono iendelee kifuani.

Inarudia "Check pads" (kagua pedi) au inataka uunganishe pedi

Pedi ni vile vibandiko viwili vyenye waya vinavyobandikwa kifuani. Lalamiko hili lina vyanzo vingi kuliko mengine yote. Kila AED hupitisha umeme mdogo sana kati ya pedi mbili ili ipime ukinzani wa mwili. Kifua cha mtu mzima kwa kawaida huwa na omu 70 hadi 80. Ukinzani ukipanda mno, mashine inaona pedi hazijashika; ukishuka mno, inashuku kwamba pedi zimegusana. Mashine haioni kifua, inajua namba hiyo tu, kwa hiyo kazi ya kutafuta sababu ni yako.

Anza na plagi. Kwenye mashine nyingi waya wa pedi umechomekwa tayari, ila kwenye nyingine unachomeka mwenyewe karibu na taa inayomulika. Isukume hadi mwisho. Halafu tazama pedi zenyewe: je, ile karatasi ya plastiki ya nyuma imebanduliwa kwenye zote mbili? Mara nyingi moja hubanduliwa na ya pili hubandikwa na plastiki yake.

Kisha ngozi. Pwani na maeneo ya joto kuna mambo mawili ambayo vitabu vya ughaibuni havisisitizi sana: jasho na mafuta. Mtu aliyejipaka mafuta ya nazi au losheni asubuhi, akaanguka saa saba mchana akiwa analowa jasho, pedi itateleza juu yake kama plasta kwenye sufuria ya pilau. Chukua kitambaa chochote kikavu, fulana au pindo la kanga, na usugue kwa nguvu sehemu mbili za kubandikia. Kupangusa juujuu hakutoshi. Usitumie spiriti wala jeli ya kuoshea mikono, kwa sababu mvuke wake unaweza kushika moto mshtuko unapotoka.

Nywele nyingi za kifua huinua pedi na kuacha hewa chini yake. Kwanza bonyeza pedi kwa kiganja, kuanzia katikati kwenda kingoni. Ikigoma, tumia wembe ulio kwenye mfuko wa mashine na unyoe sehemu hizo mbili tu. Usianze kumnyoa kifua kizima. Hakuna wembe lakini kuna pedi za akiba? Bandua kwa mkupuo zile za kwanza, zitaondoka na nywele, kisha bandika mpya palepale.

Nguo. Pedi haifanyi kazi juu ya fulana, buibui wala sidiria. Kata kwa mkasi kuanzia shingoni kushuka. Watu huona haya kumvua mwanamke hadharani, na haya hiyo inagharimu uhai. Waombe kina mama waliopo washike kanga mbili kuzunguka kama pazia, wewe ubandike. Pedi zikishashika, mfunike sehemu ambazo hazizuii mikono. Titi likiwa kubwa, liinue na ubandike pedi chini yake au pembeni, si juu yake. Mkufu au hirizi ivute pembeni isiguse pedi. Usipoteze muda kufungua kifungo chake. Kibandiko cha dawa kilichopo mahali pa pedi kitoe ukiwa na glavu, kisha ufute.

Mwisho, pedi zenyewe kuwa mbovu. Jeli ikikauka haishiki wala haipitishi umeme vizuri. Utaiona imekuwa ngumu na kumeta, au imebaki kwenye plastiki. Kama kuna jozi nyingine, ifungue. Kama hakuna, zibonyeze hizohizo kwa nguvu na ujaribu tena.

Mahali pa kubandika: moja upande wa kulia wa mgonjwa, chini ya mtulinga, nyingine upande wa kushoto, ubavuni, chini ya kwapa. Karibu kila mtu huiweka hii ya pili mbele mno, karibu na chuchu. Ipeleke ubavuni. Umeme unatakiwa uvuke misuli mikubwa ya chini ya moyo, na pedi zikikaa zote mbele, sehemu kubwa yake hupita juujuu ya kifua. Ukigundua umezibadilishana, ya kulia iko kushoto, ziache. Zinafanya kazi hivyohivyo, na pedi iliyobanduliwa haishiki tena kama mwanzo.

Imesema "Analyzing" (inasoma moyo) lakini haimalizi

Kitu kinatikisika. Mashine inajaribu kusoma mstari wa moyo wenye nguvu ndogo mno, na mtikisiko wowote huonekana kwake kama mapigo. Mtu bado anakandamiza, au mkewe ameshika mkono wake, au gari linakwenda. Kama mko kwenye gari, dereva aegeshe pembeni na azime injini. Pumzi za kukata roho nazo zinaweza kuivuruga. Hapo subiri, itajaribu tena. Ni wakati huu na ule wa kutoa mshtuko tu ndipo mikono inatoka kifuani kwa sababu ya mashine, na huwa ni sekunde chache. Ikizidi sekunde 10 hivi bila jibu, rudini kukandamiza huku mkitafuta kinachotikisa.

Imesema "No shock advised" (haishauri mshtuko). Amekufa?

Sentensi hii inawavunja watu moyo kuliko zote, na wengi huielewa vibaya kwa namna mbili zinazopingana. Mmoja anasema "aa, kumbe yuko salama", anaacha. Mwingine anasema "basi, amekwisha", naye anaacha. Wote wamekosea.

Moyo uliosimama una hali kama nne. Mbili zinatibika kwa umeme: moyo unapotetemeka ovyo badala ya kudunda, na moyo unapokwenda mbio kupita kiasi hata hausukumi damu. Mbili hazitibiki kwa umeme: moyo uliotulia tuli, na moyo wenye umeme wake lakini misuli haisukumi. Umeme wa AED hauwashi moyo uliozimika. Kazi yake ni kuuzima kwa nukta ule unaotetemeka, ili uanze upya kwa mpangilio wake. Kwenye filamu, mstari ukinyooka daktari anapiga umeme. Hiyo ni ya filamu tu.

Kwa hiyo jibu la "No shock advised" ni kukandamiza kifua, papo hapo. Damu ikifika kwenye misuli ya moyo, moyo uliotulia unaweza kuanza kutetemeka, na baada ya dakika 2 mashine itakaposoma tena inaweza kutoa jibu jingine. Acha tu kama mgonjwa anajisogeza, anafumbua macho na kupumua kama mtu aliyelala.

Imesema itoe mshtuko, lakini hakuna kilichotokea

AED nyingi zinasubiri kidole chako. Kitufe kinamulika, mara nyingi kina alama ya radi, na mashine haitafyatua yenyewe. Usipobonyeza ndani ya muda mfupi, inamwaga umeme wake kimyakimya ndani yake na unaanza mzunguko upya. Kuna aina chache zinazojifyatua zenyewe baada ya kuhesabu. Hizo hazina kitufe hicho kabisa, kwa hiyo usikitafute.

Kabla ya kubonyeza, tazama mwili mzima, kichwa hadi miguu, na useme kwa sauti ya sokoni: "Rudini nyuma! Mtu asimguse!" Kama anapewa oksijeni, barakoa yake iondolewe ipelekwe angalau mita 1 mbali na kifua.

Mshtuko umetoka, ila hakuna mabadiliko

Ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Mwili hurukaruka kidogo, au haurukiruki kabisa, na mgonjwa anabaki vilevile. Usimwangalie, usimpime mapigo, usingoje. Rudi kifuani mara moja. Hata mtetemeko ukikoma, moyo unakuwa kama mtu aliyepigwa bumbuwazi. Unahitaji dakika moja au mbili za kusukumiwa damu ndipo ushike kazi. Mbavu zikilia, ni kawaida kwa watu wazima. Rekebisha mikono katikati na uendelee. Anayekandamiza abadilishwe kila dakika 2, wakati mashine inasoma, maana kina hupungua kabla mwenyewe hajahisi uchovu.

Mishtuko haina kikomo cha kumhesabia mgonjwa. Fabrice Muamba, mwanasoka wa Bolton aliyezaliwa Congo, alianguka uwanjani London tarehe 17 Machi 2012. Alipigwa mishtuko 15, na ilichukua dakika 78 moyo wake kurudi. Yu hai.

Akizinduka, mlaze ubavu na uache pedi zikiwa zimebandikwa na mashine ikiwa imewaka. Mtetemeko hupenda kurudi, na wenye kuzima mashine mapema hulazimika kuanza upya.

Mgonjwa si wa kawaida

Aliyezama: mtoe majini, mpulizie pumzi 2 hadi 5 kwanza, kisha kandamiza. Moyo wake umesimama kwa kukosa hewa, hivyo mashine mara nyingi itakataa kushtua, si hitilafu. Kausha kifua kabla ya pedi. Mchanga mbichi si tatizo. Dimbwi ambalo wewe na yeye mmo pamoja ndilo tatizo. Mvua nayo si tatizo, ili mradi kifua kimekaushwa. Sakafu ya bati au ya chuma haina neno ili mradi pedi zisiiguse.

Aliyenaswa na umeme wa nyumbani: zima swichi kuu kabla hujamgusa. Umeme wa aina hii hupenda kuuacha moyo ukitetemeka, kwa hiyo hapa AED ina kazi ya kweli.

Mtoto wa chini ya miaka 8 au chini ya kilo 25: tumia pedi za watoto, au ufunguo au swichi ya mtoto kama mashine inayo. Hakuna? Tumia za watu wazima, moja katikati ya kifua, nyingine mgongoni kati ya mabega, ili zisigusane. Mkandamizo wake ni theluthi moja ya unene wa kifua, sentimita 5 hivi. Mtoto mchanga, sentimita 4. Kinyume chake hakifai: pedi za mtoto hupunguza umeme, hazimtoshi mtu mzima.

Mjamzito: mshtue kama mwingine yeyote. Tumbo la uzazi likiwa limefika kitovuni au kupita, mtu mmoja alisukume kwa mikono kuelekea kushoto kwa mama, ili uzito wake utoke juu ya mshipa mkubwa unaorudisha damu.

Mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa: utaona au kupapasa uvimbe mgumu kama kiberiti chini ya mtulinga, aghalabu wa kushoto. Pedi isikae juu yake; iache umbali wa sentimita 8 hivi.

Inalia kabatini na hakuna mgonjwa

Mashine hujipima yenyewe, nyingi kila siku. Taa ya kijani inayomulika au alama ya tiki maana yake iko tayari. Nyekundu, alama ya X au mlio wa "pi" kila baada ya muda ni malalamiko. Anayeisikia kwanza kwa kawaida ni mlinzi wa usiku, na kawaida anaambiwa aiache. Hapana. Mara nyingi ni betri. Nyingi ni za lithiamu zisizochajiwa, za kubadilishwa tu, na hukaa miaka 2 hadi 5 kutegemea aina. Usiitoe betri ili kunyamazisha mlio.

Lakini si kila mashine hujua kwamba pedi zimekwisha muda. Tarehe imeandikwa kwenye pakiti, nayo kwa kawaida ni miaka 2 hadi 5. Isome kwa macho kila mwezi. Pakiti iliyotoboka au kufunguliwa "tuone tu" imekwisha, hata kama tarehe bado.

Joto ndilo adui wa hapa kwetu. Mashine nyingi zina kikomo cha nyuzi 50 hivi, na ndani ya gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam au Mombasa kikomo hicho hupitwa. Jeli inakauka, betri inachoka. AED ya kwenye gari la timu au basi la shule ishuke na watu. Ya ofisini isitundikwe ukuta unaopigwa na jua la jioni.

Kuhusu kufuli: kabati likifungwa na ufunguo ukakaa kwa meneja, Jumapili hakuna AED. Tumia kabati lenye kengele badala ya kufuli. Kama wizi ni tatizo kweli, ufunguo ukae getini, kwa mlinzi aliyepo saa 24, na jina la mahali pake liandikwe kwa Kiswahili juu ya kabati.

Mfuko wa pembeni uwe na mkasi, wembe 2, taulo ndogo, glavu, barakoa ya kupulizia na jozi ya pili ya pedi. Baada ya kila tukio pedi zilizotumika zinatupwa hata kama zilibandikwa bila kushtua, wembe unabadilishwa, na mashine haihesabiwi iko kazini mpaka jozi mpya ichomekwe na taa ya kijani irudi.